Pikapu ya Zamani kwenye Lami Mpya

Mmiliki wa pikapu wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa anayefikiria kulitoa gari lake la zamani na kuongeza fedha ili apate la miaka ya karibuni hukabiliwa na swali ambalo kwa kawaida huulizwa kwa namna isiyomsaidia. Huulizwa gari lina umri gani, limetembea kilomita ngapi na linaonekanaje mbele za watu, ilhali jambo linalopaswa kutangulia ni kazi: litapita barabara zipi, likiwa na mzigo gani, katika miezi ipi ya mwaka, na nani atalitengeneza litakapoharibika. Katika ukanda huu majibu ya maswali hayo yamebadilika sana kwa muda mfupi, tena mabadiliko yenyewe hayaelekei kule wengi wanakodhani, kwa kuwa lami iliyoifanya pikapu mpya ionekane kuwa ununuzi wa busara ndiyo hiyohiyo iliyoipunguzia pikapu sehemu kubwa ya kazi yake.

Miinuko ya Umatengo hufika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, kwa hiyo anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hushuka milima mirefu katika safari isiyozidi kilomita 70. Kabla ya lami, safari hiyo wakati wa masika, yaani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ilikuwa ya magari yenye uwezo wa kusukuma kwa magurudumu yote manne, na hata hayo yalilala njiani. Sehemu ya kwanza kubadilika ilikuwa ya juu, kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga, iliyotiwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia Millennium Challenge Corporation. Kisha ikafuata ile ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kabla ya hapo pikapu ilikuwa basi, lori na gari la wagonjwa kwa wakati mmoja: ilipandisha dagaa na samaki wakavu kutoka ziwani, ikashusha mahindi, maharage na saruji, ikapeleka mbolea kwa wakulima wa kahawa na kurudi na kahawa ya maganda, yaani buni iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa ikingoja kukobolewa.

Baada ya lami, kazi hizo zimegawanyika. Abiria wa barabara kuu wamehamia kwenye mabasi na magari madogo, na mzigo mkubwa umehamia kwenye Canter na Fuso, kwa sababu iliyo wazi: pikapu yenye uwezo wa tani moja hutumia dizeli, dereva na muda kwa ajili ya tani hiyo moja tu, ilhali Canter inayobeba tani tatu na zaidi haitumii mara tatu ya gharama hizo. Mzigo mdogo wa mjini nao umechukuliwa na Kirikuu, kile kigari chembamba cha injini ndogo ambacho bei yake ni sehemu tu ya bei ya pikapu. Kilichobaki mikononi mwa pikapu ni kile ambacho wengine hawakiwezi, yaani kilomita za mwisho: njia za udongo mwekundu zinazopanda kuelekea Litembo na Maguu, vijia vinavyozunguka miteremko ya mashamba ya ngoro, ambayo ni yale mashimo yaliyopangwa kwa safu ambayo Wamatengo huyatumia kuzuia mmomonyoko, na njia za mwambao zinazokwenda Liuli na Lituhi kupitia mchanga na mito midogo. Anayebadili gari lake kwa sababu barabara imekuwa nzuri anapaswa kujiuliza kama hanunui raha ya kusafiri kwenye barabara ambayo, kwa mzigo wake, Canter ya kukodi ingemtosha, huku akipoteza chombo kilichokuwa bora kule ambako hakuna mbadala.

Ubora huo wa chombo cha zamani una sababu za kiufundi. Pikapu nyingi zilizozeekea katika milima hii ni Toyota Hilux zenye injini za dizeli zinazojulikana kwa alama za 2L, 3L na 5L, au Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambayo ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2 na imekuwa ikiundwa tangu mwaka 1990. Katika injini hizi pampu ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe kwa mkanda au gia, hupima mafuta kwa mitambo ya chuma, kisha huyasukuma hadi kwenye nozeli, yaani kile kipuli kinachoyanyunyizia ndani ya silinda. Hakuna kompyuta katikati ya kazi hiyo, na fundi mwenye spana, masikio mazuri na uzoefu anaweza kutambua hitilafu kwa rangi ya moshi na mlio wa injini. Injini za toleo la baadaye, kama vile 1KD na 2KD zilizoenea kuanzia miaka ya 2000 na 1GD na 2GD zilizoanza kutumika mwaka 2015, hutumia mfumo ambamo pampu moja hujaza dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana katika bomba la pamoja linalolisha nozeli zote, na kompyuta ndiyo huamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mgandamizo huo huzidi bar 1,500, na kwa ulinganisho tairi la gari dogo hujazwa kwa takriban bar 2 tu. Kwa nguvu hiyo, chembe ya vumbi isiyoonekana kwa jicho au tone la maji hutosha kuikwaruza nozeli na kuiharibu.

Hapa mwambao una shida yake. Dizeli inayouzwa katika vituo vya mafuta imekuwa safi zaidi tangu nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 kiwango cha salfa kisizidi sehemu 50 katika milioni, na kwa hiyo tatizo haliko kwenye pampu ya kituo cha Mbinga mjini. Liko kwenye dumu. Mafuta yanayofika katika vijiji visivyo na kituo hupitia mapipa na madumu yaliyowahi kubeba vitu vingine, hukaa juani, hupokea unyevu wa usiku, kisha humiminwa kwa faneli iliyokuwa imetundikwa ukutani. Injini ya 3L hustahimili mengi ya hayo kwa kubadilishiwa chujio, lakini injini yenye kompyuta inaweza kuhitaji nozeli nne mpya, na nozeli hizo, pamoja na mashine ya kusomea hitilafu zake, mara nyingi hutafutwa Songea, Mbeya au Dar es Salaam wakati kahawa iko uani ikisubiri gari. Siku hizo za kusubiri ndizo gharama kubwa kuliko zote katika umiliki wa pikapu vijijini, ingawa hazionekani kwenye risiti yoyote.

Ni haki kueleza pia kile ambacho toleo jipya hufanya vizuri zaidi, nacho si kidogo. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda mlima, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka injinini ili isukumie hewa ya ziada ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo injini iliyo nayo haihisi mwinuko kwa kiasi kilekile. Injini ya 3L yenye ujazo wa lita 2.8 hutoa takriban nguvu za farasi 90 ikiwa mpya na ikiwa usawa wa bahari. Ikiwa imechoka, na ikiwa juu ya mita 1,500, hubaki na nguvu zinazoeleza vizuri kwa nini hupanda na gunia za mbolea ikiwa katika gia ya kwanza. Injini ya 2GD, yenye ujazo wa lita 2.4 tu, hutoa takriban nguvu za farasi 150. Tofauti hiyo ni ya kweli, na mwenye kazi ya kupanda na kushuka kila siku huihisi katika muda anaookoa na katika klachi isiyoungua.

Mpaka hapa gari limezungumziwa kama chombo. Lakini mabadilishano hufanyika sokoni, na soko lina sheria zake. Njia iliyozoeleka ni kulipeleka gari la zamani katika yadi, yaani uwanja wa mfanyabiashara wa magari, ambako hukadiriwa bei, bei hiyo hutolewa kutoka katika bei ya gari jipya, na mmiliki huongeza kilichobaki. Yadi nyingi za namna hiyo ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga, na umbali huo wenyewe humdhoofisha muuzaji, kwa kuwa aliyekwisha kusafiri siku mbili na kulipia nyumba ya wageni si mtu wa kukataa bei ndogo na kurudi na gari lake. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza kwa kutumia mfano wa magari yaliyotumika kwamba pale ambapo muuzaji anaijua hali ya bidhaa na mnunuzi haijui, mnunuzi hutoa bei ya kukisia inayolingana na bidhaa ya wastani, na matokeo yake wenye bidhaa nzuri hupunjwa hadi wakajiondoa sokoni. Mmiliki aliyeitunza pikapu yake hupata hasara hiyo mara mbili katika yadi: gari lake zuri hupewa bei ya gari la kawaida, kisha yeye mwenyewe hununua gari ambalo historia yake anaijua mwingine. Mbinga mambo huwa tofauti, kwa sababu gari hujulikana. Fundi aliyeifungua injini yupo, majirani wanajua kama lilibeba mawe au lilibeba watu wa kanisani, na mnunuzi wa Maguu anaweza kulifuatilia kwa wiki nzima kabla ya kutoa fedha. Kwa hiyo pikapu nzuri ya zamani huuzwa vizuri zaidi nyumbani, na anayeamua kubadilisha hufaidika akitenganisha mambo mawili ambayo yadi huyaunganisha, yaani kuuza na kununua.

Kuhusu hilo la pili, ipo imani inayohitaji kusahihishwa, nayo ni imani ya herufi. Magari ya Tanzania husajiliwa kwa namba inayoanza na T, ikifuatiwa na tarakimu tatu na herufi tatu, na wanunuzi huligawa soko kwa herufi ya kwanza kati ya hizo tatu, wakisema gari hili ni namba C, lile ni namba D, na sasa namba E. Herufi hiyo hueleza tu gari liliingia lini katika daftari la nchi. Haielezi liliundwa lini wala liliishi wapi kabla ya kuvuka bahari. Gari la namba E linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko la namba C. Kwa Hilux suala la asili lina uzito wa pekee, kwa sababu Toyota ilisimamisha uuzaji wake nchini Japani mwaka 2004 na kuurudisha mwaka 2017, hivyo Hilux nyingi zilizotumika za miaka ya katikati zimetoka katika masoko mengine ambako magari huendeshwa kwa usukani wa kulia, hasa Thailand na Uingereza. Za Uingereza huonekana safi na mara nyingi huwa na vitabu vya matengenezo vilivyojazwa, lakini barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huila chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi na injini, kutoka ndani kuja nje. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kuiacha pikapu iliyozeekea kwenye maji yasiyo na chumvi ya Ziwa Nyasa, yenye chesisi nzima chini ya matope makavu, akaichukua iliyo mpya zaidi kwa miaka kumi na iliyokwisha kuoza mahali ambapo rangi nyeusi iliyopakwa juzi inaficha.

Anayeagiza mwenyewe kutoka nje hukutana na kodi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haikuchagua marufuku ya namna hiyo bali huutoza uchakavu, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, hukadiria thamani ya gari kwa aina yake, mwaka wa kuundwa na ujazo wa injini kabla ya kutoza ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa sababu kodi hulipwa kwa thamani iliyokadiriwa na mamlaka hata kama muuzaji wa nje alipunguza bei, hesabu inapaswa kufanywa kwa kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha.

Hesabu yenyewe ya kubadili au kutobadili inaweza kuonyeshwa kwa tarakimu za mfano, ambazo kila mmiliki atazibadilisha kwa zake. Ichukuliwe kwamba pikapu ya zamani ina thamani ya shilingi milioni 20 na ile inayotamaniwa ni milioni 55, hivyo nyongeza ni milioni 35. Pikapu ya zamani ikibaki, katika mwaka unaofuata itapoteza thamani ya milioni 1, kwa kuwa gari la zamani limekwisha kushuka sehemu kubwa ya bei yake. Itakula matengenezo ya milioni 3.5, na siku ambazo italala gereji zitapoteza mapato ya milioni 1, jumla milioni 5.5. Ile mpya itapoteza thamani ya milioni 5, itahitaji matengenezo ya milioni 1.2 na bima kubwa, yaani ile inayolipa hata gari la mwenye bima likiharibika, ya milioni 2, na ikiwa nyongeza imekopwa kwa riba ya asilimia 16 kuna milioni 5.6 nyingine, jumla milioni 13.8. Tofauti ni milioni 8.3 kwa mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba, mradi pikapu zote mbili zinafanya kazi ileile, pikapu ya zamani ingepaswa kufa injini na gia boksi ndani ya mwaka huohuo ndipo mabadilishano yaanze kulipa. Fedha zilizokwisha kutumika kuifumua injini mwaka jana haziingii popote katika hesabu hii. Wanauchumi huziita gharama iliyokwisha kuzama, kwa kuwa hazirudi gari likiuzwa wala likibaki, na mtu hapaswi kulishikilia gari kwa sababu yake, kama ambavyo hapaswi kuliuza kwa hasira yake.

Ipo hali moja inayoifunga hesabu hiyo, nayo ni chesisi. Injini hubadilishwa, na iliyotumika hupatikana Dar es Salaam, ilimradi namba yake mpya ipelekwe TRA ili kadi ya gari irekebishwe. Difu, gia boksi na springi zote hubadilishwa. Chesisi iliyopasuka juu ya ekseli ya nyuma kwa sababu ya miaka ya kubeba tani mbili mahali pa moja, ikachomelewa, ikapasuka tena pembeni mwa kiraka, haina dawa ya kudumu, kwa sababu joto la kuchomelea huudhoofisha ukingo wa chuma kilichobaki. Fundi anapaswa kuombwa aigonge kwa nyundo ndogo urefu wake wote, asikilize pale mlio unapobadilika, na aangalie vishikizo vya springi na mahali bodi inapokalia. Pikapu iliyofika hapo isipandishwe mlima na watu ndani yake hata siku moja, na mmiliki wake ana sababu zote za kubadili.

Usalama ni sababu ya pili iliyo na nguvu, na inawahusu hasa wanaosafiri kwenye lami. Mteremko wa kwenda Mbamba Bay, ambao zamani ulipitwa polepole kwa sababu ya mashimo na matope, sasa hupitwa kwa kasi, na breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto hadi zikapoteza uwezo wa kushika. Matoleo mapya mengi yana mfumo unaozuia magurudumu kukwama breki zinapofungwa ghafla, na yana mifuko ya hewa inayofumuka mbele ya dereva na abiria. Pikapu nyingi za miaka ya 1990 hazina kimojawapo. Kituo cha afya, parokia au familia inayopeleka wagonjwa Songea mara kwa mara, usiku na kwenye mvua, haifanyi kazi ile iliyofikiriwa katika hesabu ya hapo juu, na kwake milioni 8.3 si hasara bali ni bei ya kitu kinachostahili kununuliwa. Mkulima wa Litembo mwenye chesisi nzima, injini ya 3L inayowaka asubuhi bila kusuasua na fundi anayeijua, ambaye hushuka ziwani mara chache kwa mwaka, yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo anaweza kukodi Canter kwa siku za barabara kuu na kuiacha pikapu yake uani hadi msimu utakapoihitaji, tena bila kulipa ada ya mwaka kwa gari lililosimama, kwa kuwa ada hiyo iliondolewa mwaka 2017 na makusanyo yake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Kwa aliyeamua kuuza, miezi haifanani. Uvunaji wa kahawa huanza karibu na Juni, na wakulima wanaouza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kama AMCOS, huanza kuwa na fedha mikononi wakati malipo yanapofika baada ya mnada. Kipindi hicho wanunuzi wa pikapu huwa wengi Mbinga, wakati bei za Dar es Salaam hazisogezwi na kahawa ya Umatengo. Mauzo yenyewe huandikwa katika mkataba mbele ya wakili, na wengi huishia hapo, wakimkabidhi mnunuzi kadi ya gari yenye jina lao. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na gari likisababisha ajali polisi huanza na jina lililo kwenye daftari, kwa hiyo muuzaji mwangalifu huambatana na mnunuzi hadi TRA Mbinga au Songea, hubakiza sehemu ya makabidhiano mpaka uhamisho wa umiliki ulipiwe, na huondoka na nakala ya kadi inayoonyesha jina jipya.